Mzigo Mzito Hukaa Katikati

Mimi sina subira, na gereji yangu ya Bongwe inalijua hilo. Spana ikinikatalia mara ya pili, huruka. Kwa hiyo sitadai kwamba wazo la kujenga gari la rali lilinijia polepole na kwa busara. Lilinirukia asubuhi moja nilipoinua kiti cha dereva cha kigari kidogo kilichokuwa kikibeba machungwa kutoka Kikoneni. Kigari kilikuwa kimebingirika, bodi imekwisha kabisa, na mwenyewe alikuwa ameniachia nikitoe vipuri. Lakini injini ilikuwa nzima. Ilikuwa imelala pale chini ya kiti kana kwamba haikusikia habari za ajali.

Nilikuwa na rafiki yangu, fundi wa viyoyozi na jenereta katika hoteli moja ya Diani. Ni mtu wa bara, aliyekuja pwani kwa kibarua cha msimu mmoja akasahau kurudi kwao. Mimi na yeye tuna ugonjwa mmoja, nao ni rali. Aliinama, akaichungulia ile injini, kisha akapiga mluzi.

"Siz, cheki," alisema, akiniita dada kwa Sheng yake. "Hii injini haiko mbele, haiko nyuma. Iko katikati. Tukiigeuza ikae nyuma ya mgongo wa dereva, ivute magurudumu ya nyuma, tuko na gari ya rali hapa."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kubeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa ni kazi. Ukiileta kifuani inakuwa nyepesi, na maji ni yale yale. Gari nalo ni hivyo. Uzito ukikaa katikati, kona huikata upesi, halikuburuti kwenda usikotaka. Magari ya rali yaliyojengwa kwa mtindo huo nilikuwa nimeyatazama kwenye simu mpaka betri ikawa inavimba. Na klabu ya rali ya huku kwetu ilikuwa imetangaza mbio za Jumapili moja baada ya masika, katika barabara za mashamba kati ya Msambweni na Kikoneni. Safari hii kulikuwa na kundi la magari ya kujitengenezea. Moyo ulinienda mbio nikashindwa hata kunywa chai.

Fremu niliichomelea mwenyewe kwa mabomba ya chuma. Rafiki yangu alikuwa akija akitoka zamu, bado na sare ya hoteli, akapima na kubishana nami. Tuliweka injini, tukaweka viti viwili mbele yake, tukafunga magurudumu. Kilichobaki ni bodi. Bati lingekuwa zito na lingepiga kelele, tena mimi bati silipendi. Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni fundi wa boti kule Majoreni. Alianza na mbao, kisha akahamia kwenye faiba, zile nyuzi za kioo zinazopakwa gundi tabaka juu ya tabaka mpaka zinakuwa ngumu kama mfupa. Zamani boti zake zilikuwa zikiwapeleka wageni kisiwa cha Wasini kutazama pomboo. Kisha maneno yakaenea kwamba boti zake ni nzito, zinakunywa mafuta. Manahodha wakaanza kuagiza zilizo tayari kutoka mjini, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyempa kazi. Yeye hakukubali kwamba anangoja mtu. Kila siku alikuwa akilifagia banda lake, halafu anakaa mlangoni kusimulia wapita njia habari za boti alizojenga.

Nilimpelekea fremu juu ya lori la kukodi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Watu wa Bongwe hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

Kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kwenda kwake na kuanza na shida. Nilikunywa kahawa yake, nikasikiliza habari za boti mbili tatu ambazo nilikuwa nazijua kwa moyo, kisha ndipo nikamwonyesha fremu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa nini injini imekaa mahali pasipo pa kawaida. Hakunipa nafasi. Aliizunguka mara moja tu.

"Mzigo mzito hukaa katikati ya chombo," alisema. "Ukiuweka mbele, chombo kitachimba maji. Ukiuweka nyuma, kitakaa kitako. Sasa hayo nayo ni mambo ya kuambiwa?"

"Utatujengea bodi?"

Aliigonga fremu kwa kifundo cha kidole. "Nitajenga," alisema. "Lakini sikiliza. Hii nikiijenga ikaharibika, watu watasema mkono wangu umekwisha, na mimi nitawaitikia. Nitalifunga banda niende kwa binti yangu Tanga, niwe mzee wa kunyweshwa uji." Alicheka aliposema hivyo. Mimi nilimwangalia macho, sikuona kicheko. Tangu hapo nilijua kwamba gari lile si letu tu wapenda mbio. Ni lazima limalize ile Jumapili, la sivyo mjomba wangu atafunga virago.

Kazi ilianza, na mabishano pia. Rafiki yangu alikuwa anataka kila kitu kiwe chepesi.

"Mzee, punguza matabaka," alimwambia. "Hii ni rali, si meli."

"Kitu chepesi hakina adabu," mjomba alimjibu bila kuinua kichwa. "Wewe endelea na viyoyozi vyako."

Mwishowe walikubaliana kwamba tumbo la gari liwe nene na mgongo uwe mwembamba, na kila mmoja akaenda akijisifu kwamba ndiye aliyeshinda. Mimi nilikuwa nikiwaona tu, nacheka kimoyomoyo. Banda lililokuwa likifagiwa bure lilikuwa limejaa vumbi la faiba na harufu ya gundi, na mjomba alikuwa amepungua umri. Alikuwa akiimba. Sauti yake si ya kusifia, lakini alikuwa akiimba.

Siku ya kulitoa nje, hakukubali tuliwashe. "Chombo hakitoki bandani kwa kelele," alisema. Basi ikafanywa kama inavyofanyiwa boti mpya. Ubani ulichomwa, Fatiha ikasomwa, halua na kahawa vikapita mkono kwa mkono. Rafiki yangu, Mkristo wa watu, alivua kofia akainamisha kichwa pamoja nasi. Kisha wanaume wa mtaa wakashika ubavu huu na ubavu huu, wakalisukuma gari juu ya mchanga kwa wimbo wa kushusha chombo, huku shangazi zangu wakipiga vigelegele. Gari la rali, lenye matairi manne na usukani, likatoka Majoreni likisukumwa kwa mabega kama linakwenda baharini. Lilipofika barabarani niliingia, nikageuza ufunguo. Injini ilinguruma nyuma ya mgongo wangu, si mbele kama nilivyozoea, na ule mtetemo ulinipanda uti wa mgongo wote. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya kofia ngumu. Sioni haya kusema hivyo.

Furaha ile haikufika mbali. Kwenye vilima vya kuelekea Kikoneni mshale wa joto ulianza kupanda. Nilipunguza mwendo, ukaendelea kupanda. Mvuke ulitoka, tukasimama, tukakaa kando ya barabara mpaka injini ikapoa. Rafiki yangu alifungua kifuniko, akamulika kwa simu, kisha akakaa chini akashika tumbo kwa kicheko.

"Siz, njoo uone. Mzee ameziba kila kitu."

Ni kweli. Zile nafasi tulizoziacha za kupitisha upepo uende kwenye rejeta na injini, mjomba alikuwa amezifunika moja baada ya nyingine, akazisugua na kuzipaka rangi zikalainika. Hata vitundu vya nyaya alikuwa amevijaza gundi pembeni. Alikuwa ametujengea gari lisiloingiza tone. Kwa fundi wa boti tundu ni aibu, na alipoyaona yale matundu yetu alidhani ni kazi tuliyoisahau, akatustiri. Wallahi sikujua nicheke au nilie.

Rafiki yangu alicheka kwanza, halafu akaacha. Injini ile ilikuwa moja tu. Ikichemka vibaya mara nyingine, kichwa chake, kile kifuniko cha chuma cha juu, kingepinda, na Jumapili yetu ingekwishia hapo.

Tulirudi Majoreni. Rafiki yangu alichora kwa chaki mahali pa kukata, chini kabisa, mbele ya magurudumu ya nyuma, kama alivyoona kwenye picha. Mjomba alikuja, akaitazama ile chaki. Alilowesha kitambaa akaifuta.

"Mjomba, gari linachemka."

"Basi liendesheni taratibu."

"Ni la mashindano!"

"Tobo ni tobo," alisema. "Sijawahi kutoa chombo kikiwa na tobo, na sitaanza uzeeni. Watu waje waone kazi yangu imetobolewa kama kopo la kumwagilia mchicha?"

Hapo hasira zilinipanda. Nilimpandishia mjomba wangu sauti, ndani ya banda lake, mbele ya mgeni. Kwetu hilo ni jambo kubwa. Rafiki yangu alitoka nje taratibu kana kwamba ameitwa. Mjomba hakunikemea. Alichukua ufagio wake akaanza kufagia, nami nikaona afadhali angenichapa nao.

Ningeweza kulikata usiku uleule kwangu Bongwe. Msumeno ninao. Lakini gari lingefika kwenye mbio bila mjomba, na hapo lingekuwa limefika wapi? Nilivuta pumzi, nikamshika mkono nikaubusu, nikamwambia, "Mjomba, nisamehe. Lakini nina ombi. Panda na mimi mpaka Kikoneni. Safari moja tu."

Alikuwa hajawahi kulipanda. Alikuja na kikoi chake na kofia iliyodariziwa kwa mkono, akakunja magoti akaingia, akashika ukingo wa mlango kama anavyoshika ukingo wa boti. Nilimwendesha. Kwenye tambarare alikuwa akisimulia. Kwenye kona ya kwanza aliacha kusimulia. Kwenye ya pili nilimsikia akicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu, na mimi nikazidisha mwendo, kwa nini nisiseme ukweli? Gari lilikuwa likigeuka kabla sijamaliza kufikiri. Vumbi jekundu lilitupanda mpaka kwenye meno.

Kisha kilima kikaanza, na joto. Injini ilikuwa nyuma ya viti vyetu, na kati yetu na yenyewe kulikuwa na ukuta mwembamba tu. Nilimwona mjomba akisogea mbele kidogo, kisha zaidi. Jasho lilimtoka kwenye kofia. Aliuma meno. Ni mbishi huyo, angeiva kabla ya kukiri. Mshale ulipokaribia nyekundu nilizima injini mwenyewe, nikalisimamisha gari.

Alishuka, mgongo wa shati umelowa wote. Alikaa kwenye majani. Akawa anatazama gari. Baada ya muda aliinuka, akapitisha kiganja ubavuni mwake pole pole.

"Njoo," aliniita. "Unaona hili vumbi? Hapa chini limejaa, limelala. Hapa juu, begani, nyuma ya kioo, hakuna. Pamesafishwa. Upepo ndipo unapopiga."

"Ndiyo, mjomba."

"Nikikata, nakata hapo. Si kule chini kwa huyo kijana wa viyoyozi. Chini ni kwa maji." Alifuta kiganja kwenye kikoi. "Na nakata mwenyewe."

Kesho yake alikata. Nilimshikilia ubao wa kuongozea msumeno, naye akapiga Bismillahi, meno ya msumeno yakazama. Alikata begani kulia na begani kushoto, akajenga midomo iliyojikunja juu ya kila tundu, ili mvua ikija iteleze. Alipomaliza alikwenda kuosha uso, akakawia huko. Tulirudi Kikoneni na mshale wa joto ukabaki katikati kama umepigwa misumari. Rafiki yangu alimwamkia mjomba kwa shikamoo siku hiyo. Kabla ya hapo salamu yake ilikuwa "sasa, mzee" tu.

Jumapili ikaja, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ya kuchelewa ilikuwa imemwaga kana kwamba masika yamesahau kitu. Barabara za mashamba ziligeuka uji. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, sijui kimoja kilianzia wapi. Watu walikuwa wamejaa kwenye kingo, wengine wametoka Diani na Ukunda, wengine na miavuli, wengine na mahindi ya kuchoma. Magari mengine ya kujitengenezea yalikuwa na rangi na maandishi. Letu lilikuwa jeupe tupu, limeng'arishwa kama boti ya arusi. Mmoja aliuliza kwa sauti kama limepotea njia ya bandari ya Shimoni. Nilimsikia, nikafunga mkanda.

Tulipoondoka nilisahau watu wote. Rafiki yangu alikuwa akisoma njia kando yangu, "kushoto, kushoto kali, funguka, kulia ndefu," na gari likawa linafuata sauti yake kuliko mikono yangu. Kwenye tope, magari ya injini mbele yalikuwa yakiteleza pua mpaka mitaroni. Letu lilikuwa likiteleza lote kwa pamoja, kwa adabu, na nikigusa mafuta linajinyoosha. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa naendesha kitu nilichokichomelea mwenyewe na kinanitii. Nilikuwa nacheka. Rafiki yangu aliniambia baadaye kwamba nilikuwa pia naimba nyimbo za bandani.

Kisha tukafika bondeni. Mahali pale barabara hupita ndani ya kijito, juu ya saruji, na siku za kawaida maji hayafiki kwenye vifundo vya miguu. Siku hiyo kijito kilikuwa kimejaa, chekundu, na magari mawili yalikuwa yamezimika ndani yake, madereva wamekaa juu ya paa. Palikuwa na nafasi ya kupita upande wa juu. Mjomba alikuwa amesimama ng'ambo pamoja na umati. Alijua kuwa palepale ndipo pa kuonekana. Nilimwona ameinua mikono yote miwili. Sikujua ananiambia niende au nisimame. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilikwenda.

Maji yalipanda kwenye boneti, yakapanda mlangoni, halafu kishindo cha barabara kikakoma. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu, haushiki kitu.

"Siz," rafiki yangu alisema kwa sauti ya chini sana, "tunaelea."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa tunangoja."

Mimi, nisiye na subira, nilingoja. Sikugusa breki. Nilishikilia mafuta tu ili maji yasirudi kwenye bomba la moshi, na injini ikaendelea kunguruma, ikivuta pumzi kupitia mabegani, juu ya maji. Gari lilikaa sawasawa. Halikuzamisha pua, halikukaa kitako. Lilisogea kwa kasi tuliyoingia nayo, likageuka ubavu kidogo, taratibu, na tone moja halikuingia. Kisha magurudumu ya nyuma yakagusa saruji, nikayasikia yakiuma, na gari likaruka nje ya kijito likimwaga maji pande zote. Kelele za watu zilikuwa kubwa kuliko injini.

Hatukushinda. Kule kuelea kulitupotezea muda, na baadaye nikakosa kona moja kwa sababu ya kucheka. Lakini tulivuka mstari wa mwisho, mshale wa joto ukiwa palepale katikati.

Mjomba alikuja kwa gari la mtu, tope mpaka kwenye kikoi, anaongea tangu mbali. Alikuwa akimweleza kila aliyekuwa karibu namna ya kupanga matabaka ya faiba tumboni mwa chombo, na watu walikuwa wakisikiliza kweli. Nilikuwa bado sijavua kofia ngumu alipomkaribia mwanamume mmoja wa makamo, suruali imekunjwa mpaka magotini. Nilimtambua. Ni nahodha wa boti za wageni za Diani, mmoja wa wale walioacha kumpa mjomba kazi.

"Shikamoo, fundi," alisema. "Nilikuwa pale kijitoni."

"Marahaba."

"Hizi zinazotoka mjini zinaruka juu ya mawimbi, wageni wangu wanarudi wametapika wote. Nataka chombo kinachokaa majini kama lilivyokaa hili gari. Utanijengea?"

Mjomba alifungua mdomo. Nilingoja maneno, maana huyu ni mtu ambaye hajawahi kuyakosa hata msibani. Hayakutoka. Alishika mkono wa ovaroli langu, akaukaza.

"Mjibu wewe," aliniambia.

"Atakujengea," nilisema.

Nahodha alishukuru, akasema atafika Majoreni kesho yake. Mjomba aliitikia kwa kichwa. Kisha alitugeuzia mgongo, akainama, akachukua ncha ya kikoi chake akaanza kulifuta gari tope, mahali pamoja, penye weupe uliokwishatakata, na hakugeuka mpaka yule mtu alipokwenda zake.